Kupanga Orodha ya Vyuo vya Sanaa Huria Marekani: Mwongozo kwa Mwanafunzi Anayehitaji Ufadhili

Orodha nyingi ninazoonyeshwa na vijana wanaotaka kwenda kusoma Marekani zina kasoro ileile. Vyuo kumi, vyote maarufu, vyote vinachukua chini ya mtu mmoja kwa kila waombaji kumi, na hakuna hata kimoja ambacho mwombaji amehakikisha kama kinamfadhili mgeni na kwa kiasi gani. Mwisho wa Machi majibu yanakuja, yote ya kusikitisha, na mwaka mzima umekwenda. Inauma zaidi ukijua kwamba kijana alikuwa na alama nzuri na insha nzuri, na pengine kulikuwa na chuo ambacho kingemchukua lau angekiomba.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi aliyemaliza au anayekaribia kumaliza sekondari, anayependa masomo ya sanaa, na ambaye nyumbani kwao hakuna pesa za kumlipia Marekani. Mifano mingi nimeitoa Kenya, lakini wa Tanzania, Uganda na Rwanda atajiona humu pia.

Hatua ya 1: Hakikisha aina hii ya chuo inakufaa

Vyuo vya sanaa huria ni vidogo. Vingi vina wanafunzi kati ya 1,500 na 2,500, karibu wote wa shahada ya kwanza. Mhadhiri mwenyewe ndiye anayekufundisha na kusahihisha kazi yako, na darasa la watu kumi na watano ni jambo la kawaida. Huchagui somo kuu siku unayofika. Vyuo vingi vinakuachia mpaka karibu na mwisho wa mwaka wa pili. Fasihi, historia, falsafa, uchumi, lugha na sanaa za maonyesho zipo, na sayansi na hesabu zipo vilevile.

Watu wa kwetu wamepita huko tangu zamani. Wangari Maathai aliondoka Kenya mwaka 1960, miongoni mwa mamia ya vijana wa Afrika Mashariki waliokwenda Marekani katika safari zilizoanzishwa mwaka 1959 kwa juhudi za Tom Mboya. Hakusoma shahada yake ya kwanza katika chuo chenye jina kubwa. Alisoma Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha watawa wa kike mjini Atchison, Kansas, akachukua biolojia pamoja na kemia na Kijerumani, akahitimu mwaka 1964. Kofi Annan alihitimu uchumi Macalester, Minnesota, mwaka 1961. Patrick Awuah wa Ghana alisoma Swarthmore, na baadaye, mwaka 2002, akafungua Chuo Kikuu cha Ashesi nchini kwao.

Ikiwa unataka kuanza udaktari, sheria au ufamasia moja kwa moja baada ya sekondari, njia hii haikufai. Marekani udaktari na sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza, na nafasi za wageni katika vyuo vya udaktari ni finyu sana. Uhandisi unapatikana katika vyuo vichache vya aina hii, kama Swarthmore, Smith na Lafayette.

Kabla hujasonga mbele, soma tovuti ya ubalozi wa Marekani nchini kwako ujue hali ya viza kwa raia wa nchi yako. Mwezi Juni 2025 Marekani iliweka vizuizi vya viza kwa nchi kadhaa, Burundi ikiwemo, viza za wanafunzi zikiwa ndani yake, na orodha ya nchi hizo ikaongezwa baadaye. Sheria hizi hubadilika haraka, na ni afadhali kujua mwezi Agosti kuliko kujua mwezi Juni mwaka unaofuata ukiwa umeshalipa kila kitu.

Hatua ya 2: Kaeni nyumbani mkubaliane kiasi

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, nami naiweka mbele ya majina yote ya vyuo. Gharama kamili ya mwaka mmoja katika vyuo vingi vya aina hii sasa inazidi dola 80,000, na baadhi imefika 90,000. Ni wachache wanaolipa kiasi hicho chote. Unachotakiwa kujua ni familia yako inaweza kutoa kiasi gani kila mwaka, kwa miaka minne mfululizo, bila kuuza shamba na bila kumtoa mdogo wako shuleni.

Tuchukue mfano wa binti wa Kilifi mwenye A- katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, anayependa historia ya Bahari ya Hindi na tamthilia. Mama yake anauza mahamri na viazi karai asubuhi, baba ni mvuvi. Hakuna mwenye hati ya mshahara. Kupata mapato ya mama, mnachukua wiki moja ya kawaida, si wiki ya Ramadhani wala ya likizo, mnaandika mauzo ya kila siku, mnatoa unga, mafuta, sukari, makaa na kodi ya kibanda, kisha mnazidisha kwa idadi ya wiki anazofanya kazi kwa mwaka. Ya baba mnayafanya kwa misimu, kwa sababu kusi haina mapato ya kaskazi. Mkimaliza, labda mtaona mnaweza kutoa shilingi 130,000 kwa mwaka, yaani kama dola 1,000. Andikeni namba hiyo. Ndiyo itakayoamua umbo la orodha nzima.

Hesabu hiyo mtaihitaji tena kwenye fomu ya kuomba ufadhili. Vyuo vingi hutumia CSS Profile ya College Board, vingine vina fomu yao. Fomu inauliza mapato, nyumba, ardhi, mifugo, akiba, na watoto wangapi wako shuleni. Pasipo na hati ya mshahara, kusanyeni mapema taarifa ya M-Pesa ya miezi kadhaa na barua ya chifu inayoeleza kazi ya wazazi. Fomu ina ada, lakini vyuo vingine hutoa msamaha ukiuliza kwa barua pepe.

Kuna vishawishi viwili hapa. Cha kwanza ni kuandika kwamba mtatoa dola 15,000 ili chuo kikuone nafuu, kwa matumaini kwamba ndugu watachanga. Chuo kitakushika kwa neno lako, na ofisa wa viza atataka kuziona pesa hizo. Cha pili ni kuficha shamba la babu. Liandikeni, na elezeni kwamba ni la ukoo na haliuzwi. Sehemu ya maelezo ipo kwa ajili hiyo.

Hatua ya 3: Elewa jinsi vyuo vinavyofikiri kuhusu pesa

Kwa mwombaji wa kigeni, vyuo hivi nimevigawa katika makundi manne.

Lipo kundi dogo sana lisilotazama mfuko wako wakati wa kuamua kukuchukua au kukuacha, na likikuchukua linaziba pengo lote. Katika vyuo vya sanaa huria, Amherst na Bowdoin wamo. Ni wachache, na kuingia ni vigumu mno.

Kundi la pili hutazama. Uwezo wako wa kulipa unahesabiwa katika uamuzi, lakini wakikuchukua wanaziba pengo lote. Humo utakuta Macalester, Grinnell, Carleton, Bates, Smith na Mount Holyoke. Kwa mwanafunzi kama yule wa Kilifi, moyo wa orodha uko hapa.

La tatu hutoa tuzo za ufaulu bila kuahidi kuziba chochote. College of Wooster, Knox, Beloit na Luther ni mfano. Vinachukua asilimia kubwa zaidi ya waombaji, na barua ya kukubaliwa inakuja imepambwa na tuzo kubwa. Fanya hesabu kabla ya kushangilia: gharama ikiwa dola 68,000 na tuzo 40,000, pengo ni 28,000 kwa mwaka, 112,000 kwa miaka minne. Baadhi hutoa msaada wa ziada juu ya tuzo, hivyo waulize wazi: "Je, mnatoa msaada kwa mwanafunzi wa kigeni ambaye familia yake inaweza kulipa dola 1,000 tu kwa mwaka?" Jibu litakuokolea wiki za kazi.

Kundi la nne ni Berea peke yake. Kilianzishwa Kentucky mwaka 1855, hakitozi ada ya masomo, na kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni angalau saa 10 kwa wiki. Nafasi za wageni ni chache kila mwaka, basi usikiweke kama kinga yako.

Mpango wa QuestBridge, unaowaunganisha wanafunzi wa kipato cha chini na vyuo vya Marekani, mtausikia sana mitandaoni. Kwa anayesoma sekondari Afrika Mashariki hauhusiki.

Hatua ya 4: Soma Common Data Set mwenyewe

Vyuo vingi vya Marekani hujaza kila mwaka waraka wenye maswali yaleyale, unaoitwa Common Data Set, na kuuweka wazi kwenye tovuti zao. Andika jina la chuo kwenye Google, ongeza maneno hayo, fungua wa mwaka wa karibuni. Ni kurasa nyingi, lakini unahitaji sehemu chache tu.

Nenda moja kwa moja H6. Hapo chuo kinasema kama kinawapa ufadhili wanafunzi wasio raia wala wakazi wa Marekani, ni wangapi waliopata, na wastani wa kila mmoja kwa mwaka. Kisha rudi B2, utafute jumla ya wanafunzi wa kigeni. Sasa linganisha. Tuseme chuo kina wageni 240, waliofadhiliwa ni 210, na wastani ni dola 66,000 wakati gharama kamili ni 84,000. Chuo hicho kinatoa kwa wengi na kinatoa vya kutosha. Wastani umeshuka kwa sababu wamo wanaoweza kujilipia sehemu ya gharama. Cha pili kina wageni 150, waliofadhiliwa 140, wastani dola 24,000. Tovuti yao itaandika kwa fahari kwamba zaidi ya asilimia 90 ya wageni wanapata msaada, na ni kweli, lakini msaada huo haumfikishi binti wa mvuvi popote. Cha tatu kina wageni 180 na waliofadhiliwa ni 12, wastani dola 80,000: milango kumi na miwili tu kwa miaka yote minne, yaani kama mitatu kwa mwaka, kwa dunia nzima.

Halafu C1, utaona walioomba na waliokubaliwa. C7 inaonyesha chuo kinatilia uzito nini: alama, insha, barua za walimu, shughuli za nje ya darasa, kama umeonyesha nia nacho. Ikiwa nia ina uzito, hudhuria vikao vyao vya mtandaoni na waandikie ofisa anayeshughulikia Afrika. C9 ina alama za SAT, mtihani wa Marekani wa kuombea vyuo, za waliojiunga.

SAT yenyewe isikunyime usingizi. Bowdoin waliacha kuilazimisha mwaka 1969, Bates mwaka 1984, na leo vyuo vingi vya sanaa huria havilazimishi. Kama unaweza kuifanya, ifanye. Upeleke alama pale tu zinapoingia ndani ya wigo ulioonyeshwa C9. Mtihani wa Kiingereza vyuo vingi huusamehe kwa aliyesoma sekondari kwa Kiingereza, lakini omba msamaha huo kwa maandishi.

Weka haya yote kwenye jedwali moja, kwa Excel au hata daftari la mistari: jina la chuo, gharama kamili, kundi la pesa, namba za H6, asilimia ya C1, tarehe za mwisho, fomu ya ufadhili. Anza na vyuo 25 hivi. Vitakavyoanguka kwenye safu ya pesa, vifute bila huruma hata kama picha zao ni nzuri.

Hatua ya 5: Panga ngazi, kisha shusha kila chuo ngazi moja

Wamarekani hupanga vyuo kwa ngazi tatu: vya juu, ambako kuingia ni bahati, vya saizi yako, ambako alama zako zinafanana na za waliojiunga, na vya uhakika. Mpangilio huo umetengenezwa kwa Mmarekani. Asilimia unayoiona C1 ni ya waombaji wote kwa jumla, na mgeni anayehitaji karibu gharama yote anagombea sehemu ndogo ya nafasi hizo. Kwa hiyo chuo kinachochukua mmoja kati ya watatu, ambacho kwa Mmarekani ni cha saizi yake, wewe kihesabu kama cha juu kidogo. Kinachochukua zaidi ya nusu, kihesabu kama cha saizi yako, mradi pesa zake zimethibitika. Na kinachochukua chini ya asilimia 10, kama Amherst, Swarthmore, Williams na Pomona, ni cha juu kwa kila mtu duniani, hata mwenye A ya moja kwa moja.

Ndiyo maana cha uhakika kwako hakiko Marekani. Kiko nyumbani. Kenya, mwenye C+ na zaidi aombe kupitia KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo, kama kila mtu na aombe mkopo wa HELB. Tanzania, aombe chuo kwa utaratibu wa TCU, tume ya vyuo vikuu, na mkopo wa HESLB. Chagua shahada ya nyumbani kwa umakini uleule, iwe ni Kiswahili na historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au fasihi Nairobi. Nimekutana na wazazi waliomwambia mtoto asijaze KUCCPS kwa sababu "anaenda Amerika". Tafadhali msifanye hivyo.

Kwa binti wa Kilifi ningependekeza hivi. Vya juu vitatu: Amherst, Bowdoin, na kimoja kati ya Swarthmore na Williams. Katikati, vitano au sita: Mount Holyoke, Smith, Macalester, Grinnell, Bates, pengine na Bryn Mawr. Kisha viwili vya kundi la tatu ambavyo vimejibu kwa maandishi kwamba kuna msaada juu ya tuzo, pamoja na Berea. Nje ya Marekani, Ashesi nchini Ghana, na NYU Abu Dhabi, tawi la Chuo Kikuu cha New York, akikubali kwamba nayo ni ya juu. Halafu nyumbani.

Vyuo vya wanawake nimeviweka kwa makusudi. Smith, Mount Holyoke, Bryn Mawr na Wellesley vinafadhili wageni kwa kiasi kizuri, wanaume hawamo kwenye ushindani, na wazazi wengi wa pwani huona afueni binti akienda huko. Asidhani atafungiwa: Smith na Mount Holyoke ziko katika umoja wa vyuo vitano vya magharibi ya Massachusetts, pamoja na Amherst, Hampshire na Chuo Kikuu cha Massachusetts, na mwanafunzi wa kimoja anaweza kuchukua masomo kingine.

Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi, hukubali vyuo 20. Usivijaze vyote. Vingi vina insha zao za ziada, na insha ya kumi na tano huwa imechoka kama aliyeiandika. Kumi hadi kumi na viwili vinatosha. Ada ya maombi isikuzuie, kwani ndani ya fomu kuna sehemu ya kuomba msamaha na vyuo vingine havitozi kabisa.

Hatua ya 6: Chunguza somo lako kwa karibu

Chuo kidogo kina udhaifu mmoja ambao picha hazionyeshi. Idara ya historia inaweza kuwa na wahadhiri wanane, na anayefundisha Afrika akawa mmoja tu. Akienda likizo ya utafiti, mwaka huo hakuna somo la Afrika. Usiridhike na orodha ya masomo kwenye katalogi. Tafuta ratiba za mihula minne iliyopita, uone ni yapi yaliyofundishwa kweli. Kwa anayependa tamthilia, tazama wamepandisha jukwaani michezo gani na kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupewa nafasi. Kwa anayetaka kuendelea na Kiswahili au Kiarabu, angalia kama kinafundishwa hapo au chuo cha jirani, na usafiri wa kwenda huko ukoje.

Tazama pia masomo ya lazima. Amherst na Grinnell wanakuachia uhuru karibu wote, mbali na semina ya mwaka wa kwanza. Vingine vinakutaka uguse sayansi, hesabu, lugha na sanaa kabla ya kuhitimu. Mwenye kujua anachotaka hufurahia uhuru huo. Anayejitafuta hufaidika na kusukumwa.

Mengine ni ya maisha. Mabweni yanafungwa likizo ya Desemba? Yakifungwa, utakaa wapi na nani atalipa? Kuna chakula cha halali na mahali pa kuswali? Januari ya Minnesota na Iowa ni baridi ya kuganda, na koti la maana na viatu vyake ni gharama. Baadhi ya vyuo vina mfuko wa kuwanunulia wageni, waulize. Mtafute mwanafunzi wa Afrika Mashariki aliyeko pale umuulize haya. Kwa kawaida hujibu kwa moyo mkunjufu.

Hatua ya 7: Tumia uombaji wa mapema mara moja, kwa akili

Vyuo vingi vina uombaji wa mapema unaokufunga: ukikubaliwa na ufadhili ukatosha, unaenda huko na kuondoa maombi mengine yote. Tarehe yake huwa Novemba 1 au 15, na baadhi wana awamu ya pili mapema Januari. Unaruhusiwa chuo kimoja kwa wakati mmoja.

Waalimu wengine huwakataza maskini wasijifunge. Mimi naona kinyume, kwa sharti moja: chuo kiwe katika kundi la kwanza au la pili. Hapo wanaziba pengo lote, na msaada usipotosha unaruhusiwa kukataa. Katika vyuo vinavyotazama mfuko, bajeti ya wageni mwezi Novemba bado haijaguswa. Usiitumie nafasi hiyo kwa chuo cha asilimia saba kwa sababu tu ya jina. Itumie kwa kile cha katikati ambacho ukiitwa kesho utaondoka na furaha. Kwa chuo cha kundi la tatu, usijifunge kamwe.

Hatua ya 8: Panga kalenda kulingana na mtihani wako

Common App hufunguliwa upya Agosti 1. Mwanafunzi wa KCSE wakati huo yuko bwenini bila simu, na mtihani ni Oktoba na Novemba. Wengi hufanya vizuri zaidi wakisubiri matokeo na kuomba Agosti inayofuata wakiwa na cheti mkononi. Wa kidato cha sita Tanzania, mtihani ni Mei na matokeo Julai, kwa hiyo maombi yanaanza mara tu baada ya matokeo, kwa safari ya Agosti mwaka unaofuata. Muda wa kungoja si hasara ukiutumia kufundisha watoto wa mtaa, kukusanya simulizi za wazee au kusaidia biashara nyumbani, kwa sababu hayo ndiyo yatakayojaza insha na orodha ya shughuli.

Barua za walimu ziombe mapema kabisa. Walimu wetu wamezoea kuandika "ni mtiifu, mwenye nidhamu na anayeshirikiana na wenzake", na barua ya namna hiyo haimwambii msomaji lolote kuhusu wewe. Mpelekee mwalimu karatasi moja yenye mambo mawili matatu ambayo yeye mwenyewe aliyaona: ile insha uliyobishana naye kuhusu Fort Jesus, siku uliyowaongoza wenzako kwenye tamasha la drama. Mwombe kwa heshima ayaeleze hayo.

Washauri wa EducationUSA, huduma ya serikali ya Marekani kwa wanaotaka kusoma huko, wako katika ofisi za ubalozi Nairobi na Dar es Salaam, na ushauri wao ni bure. Kenya kuna pia KenSAP, ambayo kwa miaka mingi imewasaidia wanafunzi wenye alama za juu kuomba vyuo vya Marekani. Dalali anayetaka laki moja ili "akuhakikishie nafasi" hana nafasi ya kukupa.

Hatua ya 9: Majibu yakija, linganisha kinachobaki

Majibu ya kawaida hutoka kufikia mwisho wa Machi, na unatakiwa kujibu kabla ya Mei 1. Kwa kila chuo kilichokukubali, chukua gharama kamili, toa ruzuku tu, usitoe mkopo wala mshahara wa kazi ya chuoni. Mshahara huo utaupata ukishafanya kazi, na viza ya mwanafunzi inaruhusu saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kisha ongeza yale ambayo barua haiyataji: nauli ya ndege, bima ya afya kama haimo, ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kuwasajili wanafunzi wa kigeni) dola 350, ada ya viza dola 185. Na kuna hili linalowashtua wengi: kwa mwanafunzi wa kigeni, sehemu ya ruzuku inayolipia chakula na malazi hutozwa kodi ya Marekani, ambayo kwa kawaida hukatwa asilimia 14. Ruzuku ya dola 18,000 ya malazi na chakula inazaa kodi ya dola 2,520. Vyuo vingine huwalipia wanafunzi wao, vingine huiweka kwenye ankara yako. Uliza kabla ya kukubali.

Namba ikiwa kubwa kuliko ile mliyoiandika Hatua ya 2, andikia ofisi ya ufadhili barua fupi yenye ushahidi: nini kimebadilika, nini hawakukielewa, mnahitaji kiasi gani. Ambatisha ofa ya chuo kingine kama ni nzuri zaidi. Wakati mwingine huongeza, wakati mwingine hukataa kwa upole, na kuuliza hakukuharibii nafasi.

Ukishakubali kimoja, vijulishe vingine mara moja ili nafasi zao ziende kwa wengine. Chuo kitakutumia fomu ya I-20, ambayo ndiyo unayoombea viza ya mwanafunzi. Kagua herufi za jina lako zifanane na pasipoti, lipa SEVIS, weka miadi ya viza siku hiyohiyo. Nafasi ya KUCCPS usiiache mpaka viza imegongwa kwenye pasipoti. Nenda ofisi ya msajili wa chuo cha nyumbani, uliza utaratibu wa kuahirisha masomo, na ujaze fomu yake kabla ya kupanda ndege.